Lughm au manjam? Chagua neno kabla halijakulipukia

Anayetafsiri habari kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili siku hizi mara nyingi anapitia Kiingereza bila kujua. Anaandika neno kwenye simu, programu inaligeuza kimyakimya, kisha inamtemea jibu. Kwa maneno mengi mchepuko huo hauna madhara. Kwa mabomu ya kutegwa ardhini unayo, kwa sababu Waingereza wana neno moja, *mine*, kwa shimo linalotoa dhahabu na kwa bomu lililofukiwa njiani. Kiarabu kimeyatenganisha mambo hayo mawili. Kiswahili nacho kimeyatenganisha, tena kwa mpaka uleule: mgodi huku, bomu la kutegwa kule. Wanaovuruga ni sisi tunaomwita mtu wa tatu aje kutafsiri kati ya ndugu wawili. Ndipo unapokuta "mgodi wa ardhini umelipuka", au kinyume chake, kampuni ya dhahabu inayoandikwa kwa Kiarabu kana kwamba inachimba mabomu.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Bomu linalomngoja mtu alikanyage ni *lughm* (لغم), wingi *algham* (ألغام). Shimo la madini ni *manjam* (منجم), wingi *manajim*. Kinachotolewa humo ni *ma'din* (معدن), na kazi ya kukitoa ni *ta'din*. Bomu la kurushwa au kudondoshwa ni *qunbula*. La kuungaunga kienyeji ni *ubuwwa nasifa*. Mtego uliofichwa kwenye mlango au kwenye mdoli wa mtoto ni *sharak khidai*. Mwenye nafasi aendelee, maana kila moja lina shimo lake la kutumbukia.

Lughm: neno lililotoka chini ya ukuta

Ukifungua Lisan al-Arab, kamusi kubwa ya Ibn Mandhur aliyefariki mwaka 1311, mzizi wa l-gh-m utaukuta, lakini hakuna kinacholipuka ndani yake. Kuna *lugham*, povu linalomtoka ngamia mdomoni. Kuna *malaghim*, sehemu zinazozunguka mdomo. Kuna hata kitenzi cha kumpa mwenzako habari ambayo wewe mwenyewe huna yakini nayo. Kishawishi cha kuunganisha ni kikubwa: habari isiyo na yakini, ardhi isiyo na yakini, povu la hasira, mlipuko. Maelezo ya namna hiyo hunoga darasani, lakini usiyaandike. Neno la bomu halikuzaliwa katika mzizi huo, limekuja kukaa hapo kwa sababu herufi zake zilifanana.

Limeingia kutoka Kituruki cha Waosmani, *lağım*, ambalo kwa hati ya Kiarabu waliliandika vilevile, لغم. Lağım lilikuwa handaki la chini kwa chini: mfereji wa kupitishia maji machafu, na pia njia ambayo askari waliichimba gizani kuelekea chini ya ukuta wa adui. Wanaofuatilia asili za maneno ya Kituruki huirudisha kwenye Kigiriki, kwenye ukoo wa kitenzi cha kuchimba. Waserbia mpaka leo huita handaki *lagum*, na Wagiriki wenyewe wakalipokea tena kutoka kwa Waturuki kwa sura ya *lagoumi*. Katika lugha hizo mbili neno limebaki shimo.

Shimo lilivyogeuka bomu ni suala la vita vya kuzingira miji. Jeshi la Waosmani lilikuwa na kikosi maalumu cha *lağımcı*, wachimba mahandaki. Mwaka 1453, Konstantinopoli ilipozingirwa, kazi hiyo walipewa wachimbaji wa fedha kutoka Novo Brdo huko Serbia, watu ambao riziki yao ilikuwa mgodi wa kweli. Mwaka 1683 wenzao wa zama za baadaye walikuwa chini ya ngome za Vienna, wakichimba, wakijaza baruti, wakiwasha. Kwanza neno lilimaanisha handaki. Kisha likamaanisha handaki lenye baruti. Mwishowe, silaha ilipoweza kutengenezwa kiwandani na kufukiwa kwa koleo dakika chache, likabaki kuwa jina la kitu chenyewe, na handaki likasahauliwa. Neno la Kiingereza lilipita njia hiyohiyo, ila lenyewe halikuachana na machimbo ya madini, na huo ndio mzizi wa mkanganyiko wetu.

Kabla ya hapo Waarabu walikuwa na neno lao kwa kazi hiyo, tena zuri: *naqb*, kutoboa. Wachimba kuta waliitwa *naqqabun*. Imad al-Din Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo, alipouzingira mji wa Edessa uliokuwa mikononi mwa Wanamsalaba, ambao leo ni Urfa nchini Uturuki, watu wake walichimba chini ya ukuta, wakaushikilia kwa magogo, kisha wakayachoma magogo hayo. Ukuta ulianguka tarehe 24 Desemba 1144, bila chembe ya baruti. Msomaji wa Suratul Kahf analijua neno hili bila kwenda chuo: katika aya ya 97, Yajuji na Majuji hawakuweza kuukwea ukuta wa Dhulqarnain wala kuufanyia *naqb*. Kwa hiyo ukisoma historia ya Vita vya Msalaba kwa Kiarabu usitegemee kukuta lughm. Utakuta naqb, nayo usiitafsiri kwa bomu. Ni kuchimba chini ya ukuta, basi.

Kichekesho ni kwamba Waturuki wenyewe wameliacha neno katika maana ya silaha. Bomu la ardhini leo kwao ni *mayın*, waliloliokota Ulaya, na lağım limebaki maji taka. Kichwa cha habari cha Istanbul kinachosema *lağım patladı* kinamaanisha bomba la maji machafu limepasuka na mtaa unanuka. Mtu anayekisoma kwa macho ya Kiarabu anaweza kutuma rambirambi.

Kuhusu matamshi: vitabuni ni *lughm*, mitaani utasikia pia *lagham*. Yote mawili ni sawa, na wingi ni algham kokote uendako. Katika taarifa rasmi huwekewa kivumishi: *lughm ardhi* kwa la nchi kavu, *lughm bahri* kwa la baharini.

Manjam na ma'din

Hapa Mswahili ana faida ambayo mara nyingi haitumii. Neno letu *madini* ndilo ma'din la Kiarabu, na limetufikia likiwa na maana iliyo karibu kabisa na ya leo: kitu kinachotolewa ardhini. Lakini kwa Kiarabu cha zamani ma'din palikuwa *mahali*. Linatokana na kitenzi *adana*, kukaa mahali na kutulia, kilekile kilichotoa *Jannatu Adn*, pepo ya makazi. Ma'din ni pale dhahabu inapokaa. Ndiyo maana katika hadithi iliyomo Sahih Muslim watu wanafananishwa na ma'adin, kama ma'adin ya fedha na dhahabu. Anayeitafsiri kwa kusema watu ni "madini" hajakosea sana, lakini picha iliyokusudiwa ni ya machimbo, ya asili ambamo hutoka kizuri au kibaya.

Kwa hiyo umri wa matini ndio unaoamua. Kitabu cha jiografia cha karne ya 10 kikitaja ma'din katika nchi fulani, andika "machimbo" au "mgodi". Gazeti la leo likitaja ma'din, andika "madini" au "metali" kwa kadiri ya muktadha. Mgodi wa leo umehamia kwenye manjam, kutoka kitenzi *najama*, kuchomoza, kutokeza. *Manjam dhahab* ni mgodi wa dhahabu, *manjam fahm* ni mgodi wa makaa ya mawe.

Sasa angalia maandishi yenyewe: منجم. Magazeti ya Kiarabu hayaweki irabu. Herufi hizo nne, mim, nun, jim, mim, zinaweza kusomwa *manjam*, mgodi, au *munajjim*, mpiga nyota, yaani mnajimu wetu wa Kiswahili. Mzizi ni mmoja. Nyota imeitwa *najm* kwa kuwa huchomoza. Sentensi isemayo kwamba watu wameingia منجم huwezi kuikosea, maana hakuna anayeingia ndani ya mnajimu. Lakini kichwa cha habari chenye maneno mawili tu, منجم مشهور, kinaweza kuwa mgodi mashuhuri au mnajimu mashuhuri, na hapo hakuna ujanja zaidi ya kusoma aya inayofuata. Dokezo dogo linalosaidia ni wingi: manajim ni migodi, na munajjimun ni wanajimu. Ukipata wingi mahali popote kwenye habari, umepona.

Ta'din, kazi ya uchimbaji, ndilo neno la kampuni, wizara na sheria. Limepanuka pia. Wanaochimba sarafu za kidijitali kama bitcoin kwa Kiarabu wanafanya ta'din, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kuiita lughm. Programu zinazopita Kiingereza ndizo pekee zenye uwezo wa kosa hilo.

Na kuna jirani mmoja wa lughm anayestahili kutajwa kwa sababu ya wachimbaji wadogo. Katika maeneo kama Geita na Chunya wachimbaji wadogo wamezoea kukamata chembe za dhahabu kwa zebaki. Tope lile la zebaki na dhahabu, kabla halijachomwa, kwa Kiarabu ni *malgham* (ملغم), na kitenzi chake ni *alghama* (ألغم). Ni neno jingine kabisa, la wakemia wa kale, linalohusishwa na Kigiriki cha kulainisha, lakini limekuja kukaa kwenye herufi zilezile za l-gh-m. Taarifa ya Kiarabu kuhusu wachimbaji wadogo inaweza hivyo kuwa na manjam, ma'din, ta'din na malgham ndani ya ukurasa mmoja bila bomu hata moja. Alifu moja ndiyo inayotenganisha ألغم na ألغام. Isome mara mbili. Daktari wa meno wa Kiarabu naye anaposema malgham anazungumzia kijazio cha jino, usiruke kutoka kitini.

Lughm mbele ya mabomu mengine

Kiswahili kinaweka vyote kwenye kapu la "bomu": linalodondoshwa na ndege, linalorushwa kwa mkono, linalofukiwa, linalofungwa kwenye gari. Kisha kinafafanua. Kiarabu kina jina tofauti kwa kila moja, na hapa ndipo mtafsiri kutoka Kiarabu anapopaswa kufanya kazi ya ziada, maana akiandika "bomu" tupu amepoteza habari.

Kinacholitofautisha lughm si ukubwa wala nguvu. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 wa kupiga marufuku mabomu hayo unaeleza kwamba ni silaha inayowekwa chini ya ardhi, juu yake au karibu nayo, na inayolipuliwa na kuwapo, kukaribia au kugusa kwa mtu au chombo. Yaani mlipuaji ni aliyedhurika mwenyewe. Qunbula hulipuliwa na adui. Lughm hulipuliwa na mguu wako. Kigezo hicho kinamaliza ubishi mwingi.

*Ubuwwa nasifa* ndilo neno utakalolikuta mno katika habari za Iraki tangu mwaka 2003. Ubuwwa ni kifurushi, chupa, kopo, kitu kilichojazwa. Duka lolote la Ghuba lina neno hilo kwenye maji, maziwa na sabuni. Nasifa ndiyo inayolipua. Kwa Kiswahili "bomu la kutengenezwa kienyeji" limezoeleka na linatosha. Likiwa limefukiwa barabarani na kulipuka kwa kukanyagwa, kwa tabia ni lughm, lakini Mwarabu ataendelea kuliita ubuwwa kwa kuwa halikutoka kiwandani. Mfuate mwandishi wako, usimsahihishe.

*Sharak khidai* ni mtego wa hadaa, na hapa Kiswahili kinapata neno bure, maana hadaa yetu na khidai yao ni damu moja. Ni kitu cha kawaida, redio, mlango, kalamu, kilichounganishwa na kilipuzi. Shida ipo kwenye maandishi tena: شرك bila irabu ni *sharak*, mtego wa mwindaji, au *shirk*, ushirikina. Katika taarifa ya kijeshi hakuna atakayebabaika. Katika hotuba ya kiongozi wa kidini anayekemea vita, inawezekana kabisa kubabaika. Gari lililotegwa bomu lenyewe lina jina lake, *sayyara mufakhkhakha*, kutoka *fakhkh*, mtego. Usiliite lughm hata kama limelala kando ya barabara siku nzima.

Mabomu yaliyorushwa yakagoma kulipuka si algham pia, ingawa wanakijiji wanaoyaokota hawaoni tofauti na wanakufa vilevile. Kwa Kiarabu huingizwa kwenye *mukhallafat al-harb*, mabaki ya vita, pamoja na risasi na makombora yaliyoachwa. Ukikuta *lughm min mukhallafat al-harb*, sentensi inasema ni bomu la kutegwa na kwamba ni la vita vilivyopita. Tafsiri nzuri ni "bomu lililotegwa ardhini wakati wa vita". Neno "mabaki" peke yake hapo linachanganya msomaji, anadhani ni vipande vya bomu lililokwisha kulipuka.

Vitenzi ndivyo vinavyouma

Majina ukiyakosea msomaji anaweza kukusamehe kwa muktadha. Vitenzi ukivikosea umebadilisha nani kafanya nini.

Kiarabu *hupanda* algham kama mbegu: *zara'a al-algham*. Kiswahili kinatega. Yapo maandishi ya Kiswahili yenye "walipanda mabomu", na yanaeleweka, lakini kutega kunabeba ile nia ya kumnasa mtu ambayo kupanda hakuna. Kule Al-Alamein, Misri, mwaka 1942, majeshi ya Rommel, jenerali wa Ujerumani, yalifukia mabomu kwa wingi mpaka maeneo hayo yakaitwa bustani za shetani, kwa Kiarabu *hadaiq ash-shaytan*. Ndani ya maelezo ya aina hiyo kitenzi cha kupanda kina haki yake, kwa kuwa bustani ipo. Kwingine kote, tega.

Kuondoa ndiko kwenye kazi. Sisi tuna kitenzi cha ajabu, *tegua*: unakipindua kitenzi cha kutega na mtego unafunguka. Kiarabu hakina njia hiyo, kwa hiyo kimegawa kazi kwa hatua. *Kashf* ni kugundua lilipo. *Naz'* ni kung'oa. Ndilo neno lililo kwenye jina rasmi la mradi wa Saudi Arabia uitwao Masam, ulioanza kusafisha ardhi ya Yemen mwaka 2018. *Izala* ni kuondoa kabisa, ardhi ikabaki safi. *Ibtal* ni kulifanya lisifanye kazi. *Tafkik* ni kulifungua kipande kwa kipande. *Kash* ni kufagia, hasa baharini, na meli ya kufagia mabomu ni *kasihat algham*, jina ambalo Waarabu wamelipa pia ule mchezo wa kompyuta wa visanduku na namba.

Maneno mawili kati ya hayo yana watoto kwetu, na watoto wamekulia ugenini. Ibtal ni ndugu wa *batilisha*. Lakini kwa Kiswahili tunabatilisha ndoa, mkataba, hati ya kiwanja. Bomu hatulibatilishi, tunalitegua. Kashf ndiko ilikotoka *kashfa*. Kwa Mwarabu ni kufunua tu, kwetu ni aibu iliyofunuliwa. *Kashif algham* ni kifaa cha kugundulia mabomu, hana kashfa yoyote.

Tofauti ya kashf na naz' inaonekana vizuri Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao yake kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linafundisha panya wakubwa kunusa baruti, kisha huwapeleka nchi kama Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, mwaka 2020. Panya anagundua. Hategui. Anakwaruza ardhi, anazawadiwa ndizi, na binadamu ndiye anayekuja kutegua au kulipua kwa usalama. Kwa Kiarabu kazi ya panya ni kashf, na ukiandika naz' umemwongezea cheo. Magazeti yetu nayo huandika mara kwa mara kwamba panya "wanategua mabomu". Wanasaidia kuyategua, ndiyo.

Lughm mdomoni

Kwa mafumbo, lughm limetamba zaidi ya wenzake. *Haql algham*, uwanja wa mabomu, ni mada ambayo kila hatua ndani yake ni hatari. Siasa za Lebanon huitwa hivyo kila leo. Kiswahili kwa kweli hakijazoea uwanja wa mabomu kama fumbo. Nchi nyingi zetu hazijawa na viwanja hivyo, na msomaji wa Tanga akiona "mazungumzo hayo ni uwanja wa mabomu" atauliza nani kajeruhiwa. "Kaa la moto" linakaribia maana. Linapungukiwa na ile hali ya kufichika, kwani kaa la moto unaliona.

Lakini kuna mahali Kiswahili na Kiarabu vinashikana mikono bila mkalimani. Mwandishi akimwuliza mwanasiasa jambo ambalo jibu lolote litamponza, Mwarabu husema *sual malghum*, swali lililotegwa bomu. Mswahili husema swali la mtego. Hakuna la kuongeza. Ukiona *malghum* (ملغوم) karibu na kauli, swali, ofa au mualiko, weka mtego na usonge mbele. Ukiliona karibu na ardhi, barabara au nyumba, hapo ni bomu kweli.

Qunbula nayo ina fumbo lake, *qunbula mawquta*, bomu lililotegewa saa, kwetu "bomu linalosubiri kulipuka". Matumizi yake hayafanani na ya lughm. Bomu la saa linahusu tatizo linalokua, kama ukosefu wa ajira kwa vijana. Muda ndio adui. Lughm linahusu tatizo lililokwishawekwa na linalongoja mtu akosee. Mhariri anayebadilishana hayo mawili kwa ajili ya kupunguza kurudia neno anaharibu hoja ya mwandishi.

Na kwa Kiswahili, lipi?

Tuna chaguo tatu zinazotumika. "Bomu la ardhini" ni fupi na linafaa kichwa cha habari. "Bomu la kutegwa ardhini" ni refu zaidi, ndilo lililozoeleka katika matangazo ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, na mimi hulichagua kila nafasi inaporuhusu, kwa sababu kutega ndiko kunakolitenga na bomu lililoangushwa likazama udongoni bila kulipuka. Hilo la pili nalo limo ardhini, lakini hakuna aliyelitega. Chaguo la tatu ni kukopa, kama Wasomali walivyochukua *miino* kutoka kwa Waitaliano. Sioni haja. Neno la kigeni huokoa pale ambapo lugha haina kitu, na kutega tunako tangu enzi za kware na digidigi.

Baharini kuna ugumu kidogo, maana "ardhini" haliwezi kukaa. *Lughm bahri* liandikwe "bomu la kutegwa baharini". Habari za Ghuba hulihitaji kila mvutano unapozuka karibu na Mlango wa Hormuz. Mwaka 1988 bomu la aina hiyo liliipasua manowari ya Marekani, Samuel B. Roberts, na vita vya meli za mafuta vya miaka hiyo, Iran na Iraki zilipokuwa zikipigana, vimeandikwa kwa Kiarabu kwa maneno *lughm bahri* ukurasa baada ya ukurasa.

Limebaki jambo la mkataba. Maandishi ya Kiarabu ya Mkataba wa Ottawa, ambayo yana hadhi sawa na ya Kiingereza, yanasema *al-algham al-mudhadda lil-afrad*. Afrad ni wingi wa *fard*, mtu mmoja mmoja. Nchi zetu, Tanzania na Kenya, ni wanachama, kwa hiyo msamiati huu utaukuta hata kwenye nyaraka za serikali. Usiandike "dhidi ya watu binafsi", kana kwamba kuna mabomu mengine ya mashirika ya umma. Wala usiandike "dhidi ya wafanyakazi", kosa linalotokana na kupitia tena Kiingereza, ambako neno la askari kwa jumla ndilo pia la watumishi wa ofisini. Afrad wanawekwa hapo ili kuwatenganisha na vifaru, *dabbabat*, na magari, *markabat*. "Mabomu ya kutegwa ardhini yanayolenga watu" linatosha, na lile la vifaru liwe "yanayolenga vifaru". Mpaka kati ya hayo mawili ni uzito unaohitajika kulilipua: la kwanza hulipuka kwa mguu wa mtoto, la pili hungoja kitu chenye uzito wa gari. Ikiwa taarifa yako ya Kiarabu inasema mkulima kwenye trekta amelipukiwa na lughm bila kutaja aina, acha bila kutaja aina.